Chuma Tulichoongeza Kililinda Shasi, Hakikulinda Mtu



Mara hii hatutazungumza juu ya mbegu za mahindi, wala ugonjwa wa mihogo, wala namna ya kukausha karanga. Tutazungumza juu ya kriki, ile jeki ya kuinulia motokari. Wengine watauliza: maagronomu wanatafuta nini chini ya motokari? Mashofere na mafundi hawako? Wako. Lakini mazao yetu yote yanapita juu ya mipira ine ya pikapu, na mpira ukitoboka ni vijana wetu ndio wanaingia chini. Tena kuna jambo moja lilitupata, na kisha jambo lile hatuna haki ya kunyamaza.

Kila mtu aliyetoka Musumba, mji wa Mwant Yav, na mifuko ya kuuza anaijua ile njia. Unashuka Sandoa, kisha Kasaji kwenye reli ya Dilolo, ao unaendelea mpaka Kolwezi. Wakati wa kiangazi ni mchanga, ule mchanga mwepesi unaomeza mpira mpaka nusu. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine ni matope na mashimo. Shasi za motokari zinapasuka mu njia kama hii. Ndiyo sababu kooperative nyingi, zikipata pikapu, kazi ya kwanza ni kuipeleka Kolwezi kwa sudere, ni kusema fundi anayeunganisha chuma kwa moto. Kolwezi ni mji wa migodi, chuma hakikosi na mafundi hawakosi. Sudere anaongeza bamba la chuma kila upande wa shasi, anaongeza majani ya resori nyuma, na pikapu inarudi ikiwa imesimama juu kama dume la mbuzi. Watu wanapiga makofi.

Sisi pia tulipiga makofi. Tuseme ukweli wote: katika kooperative moja ya kandokando ya Musumba, sisi ndio tulitia saini kwenye karatasi ya kulipa kazi ile. Tulihesabu bamba, tukahesabu saa za fundi, tukaandika "pikapu imepata nguvu". Kriki hatukuiuliza. Ilikuwa ile ile ya zamani, fupi, iliyokuja na motokari.

Mu mavuno yaliyofuata tulikuwa ndani ya pikapu ile, mifuko ya mahindi nyuma, watu juu ya mifuko. Mnunuzi alikuwa anangoja, na sisi ndio tulikuwa tunasema "tuharakishe". Mpira wa nyuma wa kuume ukatoboka mu mchanga. Kijana msaidizi wa shofere akachukua kriki. Motokari ilikuwa imepanda juu kwa sababu ya resori mpya, kriki haikufika, akaweka jiwe chini yake. Akatafuta mahali pa kushika. Alipoona lile bamba nene la chuma ubavuni, limeshuka vidole viwili chini ya shasi, akaona ni mahali penye nguvu kuliko pote. Tulimuuliza kama ni salama. Alijibu: "Bwana Agronomu, hapana kuogopa, hii shasi iko nguvu, haiwezi kuvunjika."

Alisema kweli. Shasi haikuvunjika. Lakini kichwa cha kriki kilikuwa kimeshika ukingo wa bamba tu, unene wa milimita 8. Mchanga ulikunywa jiwe upande mmoja, motokari ikalala kidogo, ukingo ukateleza kwenye kichwa cha kriki, na uzito wote ukashuka. Mkono wake ulikuwa ndani. Tuliinua motokari kwa miti na mabega ya watu, tukamtoa. Yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini ule mkono wa kuume leo haushiki jembe. Ni mtoto wa walimaji, baba yake ni mwanachama wa kooperative. Katika kitabu cha kooperative, mavuno ya mwaka ule yaliandikwa kuwa mazuri.

Kisha pale tumefikiri sana, na neno letu ni hili: chuma tunachoongeza kwenye shasi kinalinda shasi, hakilindi mtu. Tena kinaweza kumdanganya mtu. Kooperative inayolipa sudere bila kununua kriki inayofaa, mbao, kabari na vigingi vya kusimamisha motokari, imenunua nusu ya kitu, na nusu iliyobaki atailipa kijana kwa mwili wake.

Hatusemi kuongeza chuma ni ujinga. Wandugu mafundi wasikasirike. Barabara ni ile tunayoijua, na tangu Lualaba ikawa jimbo mu 2015 bado tunaingoja iwe njema. Mtu aliye na shasi iliyopasuka hawezi kungoja. Lakini tuelewe chuma kinafanya nini na hakifanyi nini.

Kwanza, chuma chenyewe ni mzigo. Chuma cha umbo la U, cha sentimita 10, kinapima kilo 10 na nusu hivi kila metre. Weka metre 3 kila upande, ni zaidi ya kilo 60: mfuko mmoja wa mahindi na kidogo juu, ambao motokari inabeba kila siku, hata ikiwa tupu.

Pili, shasi ikipata nguvu, breki hazikupata. Buloni za mipira hazikupata, mipira haikupata, kriki haikupata. Lakini sisi tukiona bamba jipya tunaongeza mifuko. Tufanye hesabu. Pikapu kubwa ikiwa tupu inapima karibu tani 2. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani 2 nyingine, na karibu mzigo wote unakaa nyuma. Mpira mmoja wa nyuma unaweza kubeba karibu tani moja na nusu. Hapo bado hatujahesabu watu wanaokaa juu. Kriki ya tani 2, iliyochoka, juu ya jiwe, ndani ya mchanga: mtu gani angeweka mtoto wake chini yake kama angefanya hesabu hii kwanza?

Tatu, chuma kinaficha. Kati ya bamba na shasi maji na matope yanaingia, hayatoki, na kutu inakula ndani huku nje rangi inang'aa. Tena moto wa sudere unabadilisha chuma cha shasi pale karibu na mshono. Bamba likikatwa mwisho wake wima, nguvu yote ya kupindapinda inakusanyika pale linapoishia, na ufa unaanzia pale. Ile pikapu yetu, tulipoiosha kisha ajali, tuliukuta ufa kwenye mshono, urefu wa kidole. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuutafuta hata ule ufa.

Sasa tuseme namna ya kuinua motokari ya namna hii. Tumejifunza kwa mafundi wa Kolwezi, na kwa muzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za mgodi. Alituambia kwamba kule, hata lori kubwa namna gani, hakuna mtu aliyeingia chini likiwa limeshikwa na kriki peke yake. Alisema: "Kriki ni ya kuinua. Haiko ya kushika." Tuyaweke maneno haya kichwani, yanatosha nusu ya somo.

Anza na mahali. Kama mpira umetoboka kwenye mchanga ao kwenye mteremko, tembea polepole mpaka pahali pagumu na sawa, hata kama mpira utaharibika. Mpira unanunuliwa. Watu wote washuke. Kisha mifuko ishuke, angalau ile ya upande wa mpira uliotoboka, na vizuri zaidi yote. Tunajua inachokesha. Kushusha mifuko 40 na kuipandisha tena ni kazi ya saa moja kwa watu watano. Mkono wa yule kijana ulikuwa na kazi ya miaka 40 mbele yake.

Zima motokari, vuta breki ya mkono, tia gia. Lakini usitegemee gia. Hapa watu wengi hawajui: ukiinua mpira mmoja wa nyuma, difransieli inauacha uzunguke bure hewani, na gia haishiki tena motokari kama mbele. Katika motokari zingine za zamani breki ya mkono inashika mti unaopeleka nguvu nyuma, haishiki mipira yenyewe, na hiyo nayo inakosa nguvu namna ile ile. Ndiyo maana kabari ni lazima, ile watu wengi wanaita kale. Weka kabari mbele na nyuma ya mpira unaokaa chini upande wa pili, na tena kwenye mpira wa mbele. Kabari ya mti mgumu, iliyochongwa, ni bora. Jiwe la mviringo si kabari, linabingirika pamoja na motokari.

Legeza buloni wakati mpira ungali unagusa udongo, nusu mzunguko tu. Ukizilegeza motokari ikiwa juu, ile nguvu ya kuvuta inatikisa kriki.

Chini ya kriki weka ubao. Hapa agronomu anasema na ujuzi wake, kwa sababu ni mambo ya udongo. Kitako cha kriki ya sentimita 12 kwa 12, kikibebeshwa tani moja na nusu, kinasukuma udongo kwa zaidi ya kilo 10 kila sentimita moja ya mraba. Mchanga wetu hauwezi. Weka ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 5, ile nguvu inashuka chini ya kilo moja. Ni kama mama anayepita kwenye matope: akikanyaga kwa kisigino anazama, akikanyaga kwa unyayo mzima anapita. Ubao mmoja, mzima, usio na ufa. Si jiwe, si tofali, si vipande vitatu vilivyopangwa.

Sasa mahali pa kushika, hapo ndipo roho ya mambo. Lala pembeni uangalie chini kabla ya kuinua, usiweke mkono tu kwa kupapasa. Usishike kwenye ukingo wa bamba linaloning'inia. Usishike kwenye mshono wa sudere, wala pale bamba linapoishia. Usishike kwenye chuma cha kupandia, wala kwenye bampa. Kwa mpira wa nyuma wa pikapu yenye resori za majani, shika chini ya ponti, ule mti wa chuma unaounganisha mipira miwili ya nyuma, karibu na resori, upande wa mpira unaotoa. Usiende katikati kwenye bakuli la difransieli, motokari itayumba kama mizani. Usishike pia juu ya nyuzi za buloni zinazofunga resori, zinaharibika na kichwa cha kriki kinateleza.

Faida ya ponti ni kubwa kwa motokari iliyoongezwa vyuma. Ukiinua shasi, resori zinalegea kwanza, mpira unabaki chini, unaendelea kupampu, na kriki inakuwa ndefu na nyembamba, tayari kuanguka. Ukiinua ponti, mpira unatoka kwenye udongo kisha sentimita chache tu. Kriki inabaki fupi, na kriki fupi inasimama vizuri zaidi.

Kwa mipira ya mbele, motokari hazifanani. Zile zenye ponti nzima mbele, unashika ponti. Zile ambazo kila mpira wa mbele una mikono yake, mtengenezaji ameweka mahali pake chini ya shasi, na kitabu cha motokari kinaonyesha kwa picha. Kama sudere amefunika mahali pale kwa bamba, basi amekuharibia. Na kama hakuna njia nyingine ila kushika chini ya bamba lililolala sawasawa na shasi, futa matope na mafuta kwanza, na utie kipande chembamba cha mti mgumu kati ya bamba na kichwa cha kriki. Chuma laini juu ya chuma laini ni kama mguu juu ya kambare.

Inua polepole. Na kila motokari inavyopanda, kitu kingine kiifuate chini: shandeli, ni kusema kigingi cha chuma cha miguu mitatu ao mine kinachofungwa kwa pini. Kama huna, panga magogo mafupi ya mti mgumu, mawili hivi, mawili vile, kama tunavyopanga tanuri la makala, mpaka yaguse ponti. Tofali za kuchoma na za simenti zikatae kabisa. Zinapasuka mara moja, bila kulia kwanza kama mti. Mpira wa akiba ulaze chini ya shasi wakati unafanya kazi. Ukitoa mpira uliotoboka, ubadilishe nafasi zao. Motokari ikianguka itaangukia mpira, haitaangukia mtu. Na mkono, kichwa ao mguu usiingie chini hata kwa sekunde moja kama kriki iko peke yake. Kitu kikianguka chini, kivute na fimbo.

Mwisho, shusha polepole, kaza buloni kwa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kuume. Simama tena kisha kilometre chache uzikaze mara ya pili.

Tunajua lile watu watasema. "Bwana Agronomu, hayo yote ni ya wazungu wa mgodi, sisi tuko mu njia, giza linaingia, mvua inakuja." Ni kweli, giza linaingia. Lakini angalieni tunavyofanya katika ghala. Tunaweka mbao chini ya mifuko ili unyevu usipande. Tunaacha nafasi kati ya mifuko na ukuta. Tunapima, tunaandika, tunafukuza panya. Tumekubali kazi hiyo yote ili tusipoteze mfuko mmoja. Tukikataa kubeba ubao mmoja na kabari mbili kwa ajili ya kijana mmoja, tunasema kwa vitendo kwamba mfuko una bei kuliko yeye. Hakuna baba wala mama katika kooperative anayeamini hivyo. Basi tusifanye kama tunaoamini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika mkutano mkuu ujao wa kila kooperative yenye motokari.

La kwanza: kriki ndefu inayofaa kwa motokari iliyopandishwa, ubao, kabari ine na shandeli mbili ziandikwe katika daftari ya mali ya kooperative, pamoja na mizani na mapampu ya dawa. Kitu kilichoandikwa kinaulizwa. Kabla ya kila mavuno mtu mmoja ajaribu kriki: ainue motokari tupu, aweke shandeli karibu, apime urefu kwa fimbo, angoje nusu saa, apime tena. Kama imeshuka, kriki ile imekwisha, isibebwe tena.

La pili: sudere asilipwe kabla kamati haijaangalia chini. Waangalie kama hakuna bamba linaloning'inia chini ya shasi, kama mwisho wa bamba umechongwa kwa mshazari, kama mahali pa kuinulia pameachwa wazi. Pale pa kuinulia papakwe rangi nyeupe, kila upande, ili hata mtu asiyejua kusoma apaone usiku. Rangi kidogo tu ingetosha kwa yule kijana.

La tatu: hesabu ya mifuko iandikwe kwenye mlango wa motokari, kufuata mzigo ambao mtengenezaji ameruhusu, na isibadilike kwa sababu ya chuma kipya. Mama Prezida na Baba Prezida wa kooperative, ni ninyi mnaoweza kumwambia mnunuzi "ngoja". Shofere hawezi, na msaidizi wake ndiye mdogo kuliko wote.

Na sisi maagronomu tuna la kwetu. Mu instituti tulifundishwa udongo, mbolea na wadudu, na tulidhani kazi yetu inaishia kwenye ghala. Tangu siku ile, karatasi yoyote ya kuongeza vyuma kwenye motokari hatutii saini kama kriki na shandeli haziko katika karatasi ile ile. Tunawaomba na wenzetu wa mashirika mengine wafanye hivyo.

Baba ya yule kijana alikuja kwetu mwanzo wa kulima. Hakutulaumu. Aliomba tu tumwonyeshe zao ambalo mtu wa mkono mmoja anaweza kulima. Tulizungumza naye juu ya miche ya kitaluni na kuku. Tulijibu tulivyoweza. Lakini swali lile bado liko nasi, na ndilo lililotufanya tuandike.

Safari njema, na mavuno mema.